Kioo cha Majani

Komisere, mkubwa wa serikali, alikuwa mfupi. Hakuna mtu Kindu aliyethubutu kulisema hilo kwa sauti, lakini mwaka uliopita, siku ya sikukuu ya Chama, aliposimama kwenye roshani ya nyumba ya Chama, ukuta wa matofali ulimmeza, na waliokuwa chini waliona kofia tu ikihutubia.

Kwa hiyo ukuta ulibomolewa. Kwa gari-moshi la kutoka Lubumbashi ikaja plani, mchoro wa ukingo wa kioo, ili watu wamwone mkubwa mzima, toka kofia hadi viatu. Pamoja na plani vilikuja vipande vinane vya kioo.

Kazi ilimwangukia Sudi, fundi wa mtaa wa Mikelenge, ambaye mpaka siku hiyo kioo chake kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha dirisha la duka la mikate. Katibu wa Chama, sitwayen Ngoyi, kama raia wote walivyoitwa siku hizo, alimsainisha karatasi: komisere akianguka, fundi njo atajibu. Na Kindu nzima ilijua kwamba maswali ya namna hiyo yanajibiwa kasho, nyuma ya nondo.

"Na hapa imeandikwa nini?" Sudi aliuliza, kidole juu ya plani.

Ngoyi alinyoosha kola ya koti lake la abakosti. Alikuwa amesoma Kifaransa miaka mitatu kwa mapadre, na alikuwa hajamsamehe bado mtu yeyote aliyepita bila kumuuliza. "Verre feuilleté. Verre, njo kioo. Feuille, njo jani. Feuilleté: yenye kutiwa majani. Kioo cha majani!"

"Majani gani?"

"Hawakuandika. Weka ya kijani. Rangi ya Chama."

"Sitwayen, nitayaweka wapi?"

"Katikati! Ona mwenyewe, wamechora vioo viwili viwili. Unafikiri ni vya nini?"

Sudi akaenda kwenye shamba la mke wake kuchuma sombe, majani ya muhogo yaliyokuwa mboga ya jioni. Aliosha majani, akayakausha kwa kitambaa, akayapanga kati ya vioo viwili viwili kama mtu anayefunga zawadi ya arusi. Kazi ikapendeza, kusema kweli.

"Baba Riziki," alisema Aziza, mke wake, akisimama mlangoni na sufuria tupu, "leo mutakula plani?"

Jioni alipita Mpoyi, mtu wa Kasai, mchoraji wa plani katika karakana ya reli. Alitazama kioo. Alitazama plani. Akaketi chini, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndugu yangu, feuilleté si majani! Ni vioo viwili vimegandishwa na utando wa plastiki katikati, kwa moto na kwa kubanwa. Kikipasuka, vipande vinabaki vimeshikamana, muntu haanguki. Huo utando njo kazi yote!"

"Utando uko wapi?"

"Labda Ubelgiji."

Sudi aligonga kioo kwa kidole. "Lakini ni vioo viwili. Si ni nguvu?"

"Kwenye roshani watu hawasimami tu. Wanaegemea, wanasukumana. Piga hesabu kilo mia kwa kila mita." Mpoyi alifunga gunia la Aziza la mchele wa Kibombo kwa kamba, akalitundika kwenye boriti mbele ya kioo, akalivuta nyuma. "Gunia hili njo komisere. Hata urefu ni uleule."

Akaliachia.

Komisere alipita katikati ya kioo bila kupunguza mwendo. Gunia lilipasuka, vipande vikaruka mpaka kwenye mchele, na jani moja la sombe likatua taratibu kichwani mwa Sudi.

"Sasa njo muzuri," alisema Aziza. "Sombe mumekula, mchele umejaa kioo."

Zilibaki siku mbili kabla ya sikukuu. Mpoyi alijua dawa: bomba nene la bwela iliyokufa, tangi la mvuke la gari-moshi, ling'ang'anie kwenye kuta mbili za pembeni, kwa kimo cha kifua. Bomba libebe watu, kioo kizibe nafasi tu, na vipande vya mpira wa gurudumu kati yake na chuma.

Ngoyi hakutaka kusikia. "Chuma? Mbele ya komisere kama mufungwa? Kioo kinatosha! Plani imesema!"

Vioo sita vilivyobaki vilikuwa vimekwisha kusimamishwa pale roshani, na majani yake. Sudi alijipangusa mikono. Sauti yake ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Sawa, sitwayen katibu. Basi egemea."

"Nini?"

"Egemea kidogo. Weye njo ulisoma plani."

Ngoyi alichungulia chini, ambako bendi ya fanfari ilikuwa ikifanya mazoezi. Aliangalia tarumbeta, iliyomwelekezea mdomo wazi. Akakohoa.

"Nina kiuno kibaya," alisema. "Weka bomba. Na hayo majani utoe, yanaziba mukubwa!"

Sudi alifungua, akaosha, akarudisha, akamaliza asubuhi ya sikukuu yenyewe. Komisere akatoka, akapunga mkono, kisha akaegemea bomba kwa uzito wake wote. Bomba likatoa mlio. Sudi, chini, alifumba macho. Alipoyafumbua komisere alikuwa bado juu, mzima, toka kofia hadi viatu.

Halafu kicheko kikaanza mbele, kikasambaa. Jani moja la sombe lilikuwa limesahauliwa kati ya vioo, vidole saba vimetanuka kama mkono, hasa hasa mbele ya zipu ya suruali ya mkubwa. Akihama kulia, linawapungia watu. Akirudi, linamshika tena.

Komisere aliinama, akaliona. Waliokuwa mbele wakafunika midomo kwa mikono.

"Hii ni nini?"

Ngoyi, aliyesimama nyuma yake, alipauka. Sudi aliona karatasi ile yenye saini yake ikitoka mfukoni mwa katibu, ikasita, ikarudi, ikatoka plani badala yake.

"Njo feuilleté, sitwayen komisere," alisema Ngoyi. "Imeandikwa."

Komisere alisoma neno hilo mara mbili. Yeye pia alikuwa amepita kwa mapadre.

"Feuilleté," alisema, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayejua. "Muzuri sana. Hata kwangu mutaweka. Lakini huko mujaze majani."

Jioni hiyo Aziza alianza kuzungushia shamba lake la sombe seng'enge.