Paa la Hospitali ya Rahamim

Mvua ilikuwa imeinyeshea Kalkata siku tisa mfululizo, na maji yakaifunika barabara ya makaburini. Kwa hiyo maiti watatu wa kipindupindu, wote Wayahudi, walibaki katika chumba cha maiti cha hospitali, maana kuwalaza nje mvuani ni kuwavunjia heshima. Na kwa sababu yao Rahamim Kohen alisimama uani akilowa, nje ya jengo alilolijenga mwenyewe.

Rahamim alikuwa mfanyabiashara wa nili na mwenye benki. Aliwajengea watu wake shule, kisima, na hospitali hii. Lakini alizaliwa katika ukoo wa makuhani, na kuhani haruhusiwi kuwa chini ya paa moja na maiti. Sheria humfungulia mlango kwa mzazi, mke, mtoto, kaka, na dada ambaye hajaolewa. Basi.

Ndani, dada yake Tuffaha alikuwa mahututi. Ndiye aliyemlea kule Baghdad mama yao alipofariki, akakataa wachumba kwa ajili yake. Rahamim alipotajirika aliona haya kuwa na dada mkubwa asiye na mume, akamwoza kwa nguvu kwa mgane mmoja mkali, aliyempiga miaka kumi na minane. Hakuwahi kumwomba radhi. Leo alitaka kumshika mkono na kumwomba.

"Nilikwambia, Baba Shaul," alisema Rabi Obadia chini ya mwavuli wake, akimwita Rahamim kwa jina la mwanawe. "Ule ujia wa kwenda chumba cha maiti usiuunganishe na hospitali. Acha uwazi, hata wa kiganja kimoja. Ukanijibu nini?"

"Kwamba wabeba maiti watalowa."

"Na kwamba unajengea maskini, wewe hutalala humo."

"Nisute upesi, Rabi, kisha unisaidie."

Mpwa wake Habiba, binti wa Tuffaha, alichungulia dirishani. "Mjomba! Daktari amekataa ashushwe uani. Anasema akiinuliwa tu, amekwisha."

"Ananiita?"

"Anaita maji."

Rahamim akamgeukia rabi. "Paa la ujia likivunjwa pale lilipoungana na ukuta?"

"Yatakuwa mapaa mawili. Utaweza kupita."

Wakaletwa waashi wanne waliokuwa kazini kule shuleni kwake. Msimamizi wao, Haripada, aliliangalia paa, akacheka kidogo. "Bwana, hili tulilijenga sisi. Uliagiza lidumu miaka mia."

"Nilikosea. Vunjeni."

"Kwa chokaa ile? Tukimaliza kabla ya magharibi, tushukuru."

Nyundo zikaanza. Chokaa ilikuwa ngumu kama mfupa. Baada ya saa moja Rahamim alivua joho, akapanda ngazi iliyowekwa nje, akapiga na yeye. Mikono yake haikuzoea. Ngozi ilichubuka, na mpini ukawa na damu. Kila pigo aliomba: Mungu wa Ibrahimu, mbakize kidogo. Mungu wa Isaka, mbakize kidogo. Hakuomba apone. Aliona hilo litakuwa kubwa mno, kwa mtu kama yeye.

"Bado," alisema Rabi Obadia, aliyepanda nyuma yake, akipima ufa kwa kiganja. "Bado. Upande ule."

Tofali kubwa likaanguka ndani ya ujia kwa kishindo, kisha jingine. Rabi akapitisha kiganja kwenye uwazi toka mwanzo hadi mwisho.

"Pita!"

Rahamim alishuka mbio, akazunguka jengo hadi mlango mkuu. Habiba alikuwa amesimama kizingitini, mikono ameiegemeza kwenye miimo.

"Usiingie, mjomba."

Alielewa. Sasa maiti wa jengo lile alikuwa Tuffaha mwenyewe, na Tuffaha alikuwa mwanamke aliyeolewa. Na aliyemwoza ni yeye.

"Lini?"

"Sasa hivi. Si muda."

"Alisema neno?"

Habiba alitazama chini. "Aliuliza nani anagonga."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni wewe, mjomba, unavunja paa uje umwone." Alijifuta uso kwa mtandio. "Akasema, mwambie aache, kichwa kinaniuma."

Rahamim alirudi nyuma hatua moja, mvua ikampiga.

"Mbona hukuniambia?"

"Niliita dirishani mara tatu," alisema Habiba. "Hukusikia, kwa zile nyundo."