Nembo Mgongoni mwa Chatu

Asubuhi ambayo kijiti cha mbio za kukaribisha Michezo ya Bara kilitarajiwa kuingia Mwanza kikitokea Sengerema, Zahabia alikuwa ameshaichoka rangi ya njano. Wiki nzima duka la uchapaji alilomiliki pamoja na kaka yake Liaqat lilikuwa limechapa njano: mabango, fulana, stika za kila ukubwa, zote zikiwa na radi nyekundu ya Chapuo. Hicho kilikuwa kinywaji cha kuongeza nguvu, na kampuni yake ndiyo iliyokuwa mdhamini mkuu wa michezo yote, kuanzia riadha hadi kuogelea. Kazi hiyo waliipata kwa mbinde na waliishangilia. Sasa Zahabia alikuwa Uwanja wa Furahisha, anabandika.

Aliyemwelekeza ni Venant, kijana wa masoko kutoka Dar, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Amri yake ilikuwa moja: jina lolote lisilo la mdhamini lisionekane kwenye kamera. Yeye mwenyewe alizungushia utepe mweusi chupa ya chai ya mama muuza maandazi. Alipofika kwenye hema la huduma ya kwanza, akataka jina la hospitali nalo lizibwe.

"Mtu akizimia atajuaje pa kwenda?" Zahabia aliuliza.

"Akizimia atabebwa, dada. Hahitaji kusoma."

Zahabia akaziba.

Kikundi cha ngoma kutoka Bujora kilipowasili, mbele yake alikuwa mzee Machibya, mcheza na nyoka, chatu wake Minza akiwa amemzunguka mabegani. Mpiga picha wa kampuni alimkimbilia. Zahabia naye alimsogelea, maana walifahamiana. Alikuwa amewahi kukichapia kikundi hicho matangazo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umemwona Minza? Yuko karibu kujivua gamba, angalia macho yalivyofifia. Ngozi yake siku hizi ni laini kama ya kichanga. Nitawaonyesha watu kidogo tu, kisha arudi kapuni akalale."

Akamlaza Minza kapuni, akaenda kuvaa. Venant alibaki akilitazama lile kapu.

"Ngoma zina nembo, wachezaji wana nembo," alisema. "Lakini kamera zote zitamfuata nyoka, na nyoka yuko mtupu."

Zahabia alidhani ni utani. Akaenda kwenye gari kuchukua vifaa, na aliporudi alikuta vijana wawili wa kampuni wamemkandamiza Minza juu ya mkeka. Venant alikuwa amepiga magoti, akiipitisha kadi yake ya kazi juu ya stika mgongoni mwa chatu ili kuondoa mapovu ya hewa, kama abandikaye mlango wa gari. Na stika yenyewe ilikuwa ya milango ya magari kweli. Zahabia alikuwa ameikata kwa mikono yake, na gundi yake aliijua: ilitengenezwa kushindana na mvua na jua. Kila Minza alipojikunja, ilimvuta magamba.

"Venant! Unafanya nini?"

"Dakika chache tu. Tukipiga picha tunabandua."

"Hiyo haibanduki!"

"Sasa nyoka naye tumwombe ruhusa?" Wale vijana wakacheka.

Machibya akatokea akiwa amevaa nusu. Aliinama, akashika ncha ya stika, akavuta taratibu. Kipande cha ngozi kikaja nayo, chembamba, kibichi, na chini yake pakachuruzika damu.

"Usivute, mzee! Ngoja!" Zahabia akakimbia kwa yule mama wa maandazi, akarudi na kopo la mafuta yaliyopoa. Wakaanza kumpaka na kumsugua polepole, gundi ikilainika kidogo kidogo.

Venant aliwasimamia. "Msafara umeshafika Mkolani. Mzee, mbebe basi kwa upande wa pili. Huko hakuna damu."

Zahabia alimwangalia kijana huyo, meno meupe, viatu visivyo na vumbi. Alivua kitambulisho chake, akakitupa juu ya mabango. "Tafuta mtu mwingine wa kubandika."

Wakampakia Minza kwenye gari la duka. Kikundi hakikuondoka nao. Wachezaji walikuwa wameshawaambia ndugu zao kwamba wataonekana kwenye televisheni, na walikaza ngoma zao macho yakiwa chini.

Minza alipona. Alijivua vibaya, vipande vipande, akabaki na kovu, na siku alipokubali kumeza kuku Machibya alimpigia Zahabia simu akicheka kama mtoto.

Kisha kampuni ikatuma picha ya kuchapa. Liaqat aliifungua kwenye kompyuta, akamwita dada yake. Alikuwa Machibya, na Minza mabegani, kama walivyoingia uwanjani. Radi nyekundu ilikuwa imeongezwa kwa kompyuta, ikifuata mikunjo ya mwili. Chini yake: *Chapuo, Nguvu ya Asili Yetu.*

"Tusipochapa sisi, atachapa mwingine," Liaqat alisema.

"Achape huyo mwingine."

Liaqat alinuna, lakini hakuchapa. Bango likasimama stendi ya Buzuruga hata hivyo.

Machibya alikuja dukani mwenyewe. "Watoto wananiita Mzee Chapuo. Hebu waombe wanitoe pale."

Zahabia akampigia Venant, mzee akisikiliza.

"Picha ilipigwa ndani ya eneo la mdhamini, dada, kwa hiyo ni mali ya mdhamini," Venant alijibu. "Ila mwambie mzee hatujamsahau."

Machibya akachukua kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake zililetwa dukani katoni za Chapuo, zimeandikwa jina la mzee. Zahabia alizibeba hadi kwenye mtaro nyuma ya duka, akafungua kopo moja baada ya jingine na kumwaga. Povu la njano lilijaa mtaroni, likinuka pipi iliyoyeyuka, na nzi wakalivamia. Alinawa mikono kwa sabuni. Akainusa, akanawa tena.