Kengele ya Mbaoni

Ngumi ilipotua, kengele ilikuwa imeshalia. Uwanja mzima uliisikia, isipokuwa aliyepiga. Nicodemus, askari wa bara mwenye kifua kama ngoma, alikuwa ameshusha mikono na kugeuka kurudi konani kwake. Ngumi ikamkuta shavuni, akapepesuka hadi kwenye kamba.

"Acha! Acha!" Sajini Rufus, mwamuzi, alijitosa katikati.

Jeilani, aliyepiga, alimtazama mdomo. Aliiona midomo ikichongoka, ikifunguka, asipate neno. Akainua mikono tena.

Kicheko kikapanda. "Kiziwi huyo! Mwandikieni barua!"

Alikuwa na miaka kumi na miwili homa ya uti wa mgongo ilipomlaza siku arubaini. Aliinuka na miguu yake, mikono yake na ulimi wake. Masikio yakabaki kitandani. Tangu hapo aliwasikia watu kwa macho. Maneno ya kwao Matondoni aliyasoma midomoni kama mtoto wa chuoni asomavyo juzuu. Ya bara yalimpita.

Rufus alimwendea Kamaludin, mjomba wake Jeilani, aliyeshika taulo konani.

"Mzee, hilo ni onyo. Akipiga tena baada ya kengele, namtoa. Na leo tunachagua mmoja tu wa kwenda mashindano ya Mombasa. Nimemwambia acha, hakuacha."

"Hukumwambia kitu, bwana. Sisi twasema 'ata'. Hiyo 'acha' haimo vinywani mwetu, aione wapi?"

"Ata?" Rufus alilionja neno kama samaki asiyemjua. "Sawa, ata. Na kengele je? Kengele haina mdomo."

Kamaludin aligeuka kumnywesha Jeilani maji.

Raundi ya pili Jeilani aliicheza kwa woga. Alikuwa akimwinda mtu wa mbele yake na huku akimwinda mpiga kengele, na mwenye kuwinda wawili hula ngumi. Kila alipogeuza shingo, Nicodemus alimtwanga. Mwishowe kengele ikalia, Rufus akainua mkono, akafungua kinywa: "Ata!" Jeilani aliata papo hapo. Lakini pua ilikuwa ikivuja, na raundi imekwenda.

"Mjomba, nikimtazama yeye, kengele siioni," alisema akihema. "Nikitazama kengele, naliwa."

Kamaludin alimfuta damu. Macho yake yakashuka hadi miguuni mwa kijana, miguu mitupu, vidole vimeng'ang'ania ubao. Mbao zile zilitoka Matondoni. Mchanga wa uwanja ulikuwa laini mno, kwa hiyo mafundi wa vyombo vya baharini waliziazimisha kwa ajili ya sikukuu hii ya Jamhuri, wakazitandaza juu ya mapipa. Kazini, yeye na Jeilani walikalafati pamoja, mmoja upande huu wa chombo, mwingine upande wa pili, wakishindilia pamba kati ya mbao kwa chembeu na nyundo ya mti. Jeilani hakuhitaji masikio. Pigo la mjombake lilimjia kwa ndani ya mti, likampanda miguuni, akajua ufa umeshiba au bado una njaa.

Nyundo ilikuwa kapuni, maana ndiyo iliyogongea mbao hizo asubuhi. Kamaludin akaitoa.

"Sajini, kengele ikilia, nami nitagonga ubao. Pigo moja tu."

Rufus alikuna kidevu. "Hiyo sijaiona kitabuni."

"Kitabu chasema nisigonge?"

Nicodemus alitema maji ndooni. "Mpe kengele yake, sajini. Nikimpiga asiwe na kisingizio."

Kamaludin akamrudishia Jeilani maneno hayo kwa midomo. Raundi ya tatu ikaanza kwa milio miwili, mmoja wa hewani, mmoja wa mbaoni. Na Jeilani akawa mtu mwingine. Hakugeuza shingo tena. Nyayo za askari zilimfikia kabla ya ngumi zake: mguu wa kulia ulikanyaga kwa uzito, na mara mkono wa kulia ulifuata. Akainama, ukapita juu. Akapiga ubavuni. Akapiga tena.

Watu wa Matondoni wakalewa furaha. Nao ni watu wa vyombo; kazi ikinoga, nyundo zote hulia pamoja. Bila kufikiri wakaanza kugonga kingo za ulingo kwa ngumi, kwa mdundo uleule wa kalafati.

Jeilani aliyasikia mapigo hayo nyayoni. Akashusha mikono.

Ngumi ya Nicodemus ilimshusha magotini.

"Moja!" Rufus alihesabu kwa vidole mbele ya uso wake. "Mbili!"

"Ateni!" Kamaludin aliwageukia wenzake, mshipa umemsimama shingoni. "Mwamuua kwa mapenzi!"

Mikono ikaganda. Ubao ukanyamaza chini ya magoti ya Jeilani, ukanyamaza kabisa, na katika kimya kile akaelewa: ilikuwa furaha yao, haikuwa kengele. Kwenye saba alisimama. Alikuwa akicheka, meno mekundu.

Mguu mzito ukakanyaga. Jeilani akaegemea pembeni, akarusha kushoto, na Nicodemus akaketi chini kama mtu aliyekumbuka kuwa amechoka. Aliinuka kwenye nane. Wakakutana tena katikati, bega kwa bega, jasho kwa jasho, kila mmoja akitafuta nafasi. Jeilani akaiona. Akavuta mkono wote, akauachia.

Pigo moja likapanda kutoka chini, likamwingia nyayoni.

Ngumi ilikuwa tayari njiani. Aliizuia kwa mwili mzima, bega likamlia kwa maumivu, ikasimama upana wa kidole mbele ya pua ya Nicodemus. Askari alifumbua macho, akaitazama. Kisha Jeilani akaishusha, taratibu.

Waamuzi wa pembeni walikuwa watatu. Wawili walimpa Jeilani ushindi. Rufus alimwinua mkono, halafu akamgeuza wakabiliane ili auone mdomo wake vizuri.

"Mombasa," alisema polepole. Neno hilo lilikuwa na umbo moja, bara na pwani.

Walirudi Matondoni kwa miguu, jua bado liko juu, mbao na kamba zikiwa zimebebwa na punda. Mchanga wa njia ulikuwa mwingi na haukumletea chochote. Jeilani alitangulia, uso umevimba, mpaka alipohisi kuwa nyuma yake kuna jambo. Akageuka. Vinywa vyote vilikuwa wazi, vikifunguka na kufumba kwa pamoja, na Kamaludin akiwaongoza kwa mkono. Jeilani hakusimama. Aliendelea kwenda hivyo hivyo, kinyumenyume, ili auone wimbo.