Jezi za Korongo

Wavulana walikamatwa nyuma ya choo cha shule, wakipokezana sigara moja. Mwalimu mkuu, Bwana Kornelio, hakuuliza lolote. Aliwapanga mstari mbele ya shule nzima, akawachapa mmoja baada ya mwingine, kisha akafuta jasho na kuamuru watu waingie madarasani.

Mwalimu Adelard, aliyefundisha hesabu darasa la saba, alitazama yote yale akiwa barazani, mikono nyuma. Kabla ya mapumziko kwisha alizunguka nyuma ya choo kile kile. Akawakuta wavulana wale wale, macho bado mekundu, wanavuta tena.

“Hija,” alimwita mkubwa wao, kijana mrefu mwenye miguu kama ya swala. “Hata maumivu hayajapoa?”

“Ndiyo maana tunavuta, mwalimu,” Hija akajibu bila ujeuri. “Inauma.”

Adelard akaondoka pale amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani hasa.

Ulikuwa mwaka 1954. Temeke wakati ule ilikuwa bado nusu shamba nusu mji. Kila ukikaa kidogo unaona mnazi umeanguka na nyumba ya udongo imesimama mahali pake. Adelard hakuwa mwenyeji. Kwao Bukoba. Alikuwa amepitia jeshini, akapigana Burma pamoja na askari wenzake wa Keya, jeshi la Mwingereza, na huko ndiko alikofundishwa kuvuta. Sigara zilikuwa zikigawiwa pamoja na biskuti na chumvi, kama vile nazo ni chakula. Aliporudi nyumbani hakuweza kupanda kilima cha kwa baba yake bila kukaa chini njiani, na vijana waliomjua zamani wakageuza nyuso ili wasimwaibishe. Kuacha kulimchukua muda mrefu. Aliacha, akarudia, akamdanganya mkewe Kokushubila, akagombana naye, akaacha tena. Kwa hiyo alijua fimbo haiwezi kumtoa mtu sigara mdomoni. Fimbo ingemfundisha kujificha vizuri zaidi, basi.

Jioni ile alimfuata Bwana Kornelio ofisini. Mkubwa wake alikuwa amekaa na kiko chake, moshi umetanda hadi darini.

“Nipe nafasi na wale vijana,” Adelard alisema.

“Nafasi ya nini?”

“Ya kuwasaidia waache.”

Kornelio akacheka. “Kuwasaidia! Hawa si wagonjwa, Adelard. Ni wakorofi.”

“Viboko vyako havikufika hata saa ya mapumziko, mzee. Nimewakuta.”

Kornelio alikitoa kiko mdomoni, akakitazama, akakirudisha. “Haya. Mpaka shule ifungwe. Ukishindwa tunarudi kwenye fimbo, na sitaki kukusikia tena.”

Alhamisi, baada ya masomo, Adelard aliwakusanya wavulana darasani. Alikuwa amechora mapafu ubaoni kwa chaki, moja jeupe, moja amelipaka masizi ya jiko. Walitazama mchoro ule kwa adabu, wakasema ndiyo mwalimu, wameelewa mwalimu, hawatarudia mwalimu. Alijua wanamdanganya. Akaketi juu ya dawati, akawasimulia kilima cha kwa baba yake, na jinsi alivyokuwa akiokota vipisi vya watu njiani baada ya kuapa kwamba ameacha. Hapo mmoja akacheka, na baada ya kicheko kile ndipo Hija aliposema kweli.

“Mwalimu, sie wengine tunatoka Kiwalani kwa miguu. Tumeondoka nyumbani na chai kavu. Mchana hakuna kitu. Andazi moja haliui njaa, lakini sigara moja ya dukani kwa Muhdhar inaiua mpaka jioni.”

Wenzake wakaitikia. Adelard aligeuka akafuta mapafu yake ubaoni. Miezi yote hii alikuwa akiwaona wanasinzia saa za mchana, na kila siku aliwagombeza.

Kesho yake alikwenda hadi Kiwalani kwa mama yake Hija. Bi Zubeida alikuwa mjane, anakaanga vitumbua mbele ya nyumba. Aliposikia habari, mwiko ulimtoka mkononi.

“Hija wangu? Tangu lini?”

“Sikuja kumshtaki, Bi Zubeida. Nimekuja kuomba. Wale watoto wakipata uji mchana, nusu ya kazi imekwisha.”

“Na uji huo ataupika nani?”

“Mke wangu ataanza.”

Zubeida alimwangalia kana kwamba anapima kama mtu huyu wa bara ana akili timamu. “Mwambie asianze peke yake,” akasema.

Hivyo ndivyo uji ulivyoanza. Kokushubila na Zubeida walipika sufuria kubwa nyuma ya shule, na wanawake wengine wakaja kwa zamu, huyu na unga, huyu na kuni. Adelard naye akaendelea kuwakutanisha vijana darasani kila Alhamisi, akaunda na timu ya mpira. Sharti lilikuwa moja: anayetaka kucheza aache sigara, na akianguka akavuta tena, aseme. Hafukuzwi kwa kuanguka, anafukuzwa kwa kuficha. Walifanya mazoezi pekupeku, kwa mpira wa matambara.

Alikwenda pia dukani kwa Bwana Muhdhar, Mwarabu ambaye babake ndiye aliyelifungua duka lile. Muhdhar alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

“Mie nauza, mwalimu,” akasema. “Mtoto kaja na senti yake mkononi, nimwambie nini?”

“Mwambie hapana.”

“Atakwenda kwa mwingine.”

“Aende.”

“Basi mie nimepata hasara, na yeye sigara kavuta. Nani kafaidika hapo?” Akamwongezea kahawa. “Usinielewe vibaya. Nakuheshimu sana. Lakini hilo hapana.”

Adelard alitoka na kahawa yake tumboni na hasira yake kifuani. Njia nzima alijibizana na Muhdhar peke yake, na kila jibu zuri lilimjia akiwa ameshachelewa.

Kazi ilikwenda mbele na kurudi nyuma. Mvulana mmoja aliacha wiki nzima, akakutwa kisimani anavuta na binamu yake. Mwingine alidai ameacha, kumbe alikuwa akitafuna majani ya mpera ili kuficha harufu. Hija ndiye aliyeshika kweli, na ndiye aliyeteseka kuliko wote. Alikuwa mkali, anagombana na kila mtu, akampiga mwenzake ngumi mazoezini kwa sababu ya pasi mbaya. Jumamosi moja alikuja nyumbani kwa Adelard.

“Shikamoo, mwalimu. Kichwa kinaniuma. Nataka kupiga mtu.”

Kokushubila akatoka jikoni, akampa shoka. “Zile kuni pale. Piga hizo.”

Hija alipasua kuni mpaka shati likalowa. Akala ndizi kwa maharage, akalala mkekani kama mtoto mdogo. Alipoamka alisema kiu ya sigara imepungua. Tangu siku ile pumzi yake ilianza kurudi. Alikuwa akikimbia pembeni mwa uwanja mzima na bado anapiga kelele za kuomba mpira, na Adelard alijikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Ikapangwa mechi na shule moja ya Kinondoni, ichezwe Temeke. Siku chache kabla yake likaja gari lenye kipaza sauti juu, likipiga muziki barabara nzima. Akashuka kijana mtanashati aliyejitambulisha kwa jina la Theonest, mtu wa kampuni ya sigara za Korongo. Alikuwa na mpira mpya wa ngozi, na jezi nyeupe za timu nzima. Kifuani mwa kila jezi palikuwa na picha ya korongo amesimama mguu mmoja, sigara iko mdomoni.

Adelard alipofika ofisini alikuta jezi zimetandazwa mezani na Bwana Kornelio anazishika-shika kupima kitambaa.

“Hazivaliwi hizi,” Adelard alisema.

“Habari za mchana kwako pia.”

“Mzee, vijana wale wanaacha sigara! Ndiyo maana ya timu yenyewe!”

“Na ndiyo timu inayocheza kifua wazi na mpira wa vitambaa. Kinondoni wanakuja na viatu. Unataka wazazi wakuone vipi?” Kornelio alizikunja jezi taratibu. “Ni nguo, Adelard. Nguo haina moshi.”

Adelard akawafuata wazazi, akidhani kule atapata watu wa kumuunga mkono. Akina baba walimsifia mwalimu mkuu. Hata Bi Zubeida alisema, “Mwanangu hajawahi kuvaa nguo mpya tangu babake afe. Usimvue hii, mwalimu.” Wavulana nao walishazivaa, wakizunguka uwanjani wakijitazama vifua. Angeweza kuwakataza. Aliogopa kwamba akiwakataza, ataikosa timu na vijana kwa pamoja. Akawaacha wazivae.

Siku ya mechi watu walijaa. Temeke walicheza kama watu waliolishwa. Kinondoni walitangulia, Temeke wakasawazisha, na mwishoni kabisa Hija akachukua mpira katikati ya uwanja, akakimbia na wachezaji wawili nyuma yake, hawakumfikia. Bao. Adelard aliruka akamkumbatia mtu asiyemjua.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Theonest alikuwa ameshaingia uwanjani na sanduku. Akampa kila mchezaji pakiti ya sigara. Hija, mfungaji, akapewa kopo zima la sigara lenye picha ya korongo. Kipaza sauti kikatangaza jina lake, watu wakashangilia. Kijana aliyekuja na Theonest akapita na kiberiti. Mmoja akawasha, kisha wa pili, wamekaa majanini na jasho lao, wanacheka.

Adelard alivuka uwanja mbio. “Toa hizo!” akamfokea Theonest. “Ni watoto wa shule hawa!”

“Mwalimu, taratibu. Ni zawadi. Mie nimetumwa tu.”

Adelard akamwacha, akamkamata Hija mkono. “Nipe hilo kopo.”

“La nini, mwalimu?”

“Nipe!”

Hija akalivuta kifuani. “Nimelishinda mwenyewe! Sijawahi kushinda kitu!”

Watu wakacheka. Mtu akasema kwa sauti, huyu mwalimu naye, sherehe yenyewe anaigeuza matanga. Adelard akamwachia mkono. Akaona Kornelio anamtazama kutoka kwenye kiti cha wageni, kiko mdomoni. Akageuka akaenda zake nyumbani kabla chai ya wageni haijaandaliwa.

“Nimemaliza,” alimwambia mkewe. “Wavute mpaka wageuke majivu. Mie nafundisha hesabu, basi.”

Kokushubila alikuwa anachambua mchele. “Wewe ulirudia mara ngapi?”

“Mimi sikupewa kopo na watu wakanipigia makofi.”

“Jeshini ulipewa nini?”

Adelard alitoka akakaa nje, amenuna, na alijua kwamba amenuna, na hilo nalo likamuudhi.

Jumatatu hakwenda kusimamia mazoezi. Jumanne vilevile. Jumatano, akitoka shuleni, alisikia kelele upande wa duka la Muhdhar. Bi Zubeida alikuwa amekaa kwenye baraza la duka, miguu ameinyoosha, na wanawake wa zamu ya uji wamemzunguka. Kopo la Hija liko mbele yake, limebaki nusu.

“Usiku kucha anakohoa,” alikuwa anamwambia Muhdhar. “Zikimwishia hizi atakuja kwako. Sie tunanunua kwako mchele, mafuta, sukari, taa. Ukimuuzia mtoto yeyote wa shule ile hata moja, tunanunua kwingine. Wote.”

“Bi Zubeida, kwani mie ndiye niliyemgawia?”

“Yule wa gari simjui kwake. Wewe nakujua kwako.”

Muhdhar aliwatazama wale wanawake, kisha akamwona Adelard amesimama njiani. “Mwalimu, umenitumia jeshi!”

“Sikumtuma mtu,” Adelard alisema, na ilikuwa kweli.

Zubeida naye alimwona. Hakuomba radhi kwa ajili ya jezi, wala Adelard hakutarajia. “Kesho Alhamisi, mwalimu,” akasema tu. “Uji tumepika siku zote hizi. Wewe ndiye hupo.”

Muhdhar alikubali. Akaacha kuwauzia wanafunzi sigara moja moja, na alilishika neno lake. Kabla ya mwezi kwisha, mtu mwingine aliweka meza karibu na kisima, akauza zile zile kwa bei nafuu zaidi. Shule ilipofungwa, Bwana Kornelio alimwita Adelard ofisini, akamuuliza wangapi wameacha. Adelard akataja wanne.

“Wanne, katika kundi zima lile,” Kornelio alisema. “Basi umeshindwa.”

“Fimbo ilikupa wangapi?”

Kornelio akawasha kiko chake. Fimbo ilirudi muhula uliofuata. Uji hakuthubutu kuugusa, kwa kuwa aliwaogopa wale wanawake.

Lakini Alhamisi ile, siku moja baada ya mambo ya dukani, Adelard aliingia darasani akakuta wavulana watano tu wamekaa. Hija hakuwemo. Alianza kuzungumza nao, mmoja akaeleza jinsi alivyompa mjomba wake pakiti yote ya Korongo bila kuifungua. Wakiwa katikati ya maneno, mlango ukasukumwa. Hija akasimama kizingitini katika jezi yake nyeupe iliyochafuka. Harufu ya moshi iliingia kabla yake.

“Nimevuta, mwalimu,” akasema. “Sasa hivi, njiani.”

Adelard alihisi hasira yote ya uwanjani inampanda upya. Alitaka kumuuliza zile kuni alizipasua za nini. Alitaka kumvua jezi ile aichanechane mbele ya wenzake. Akaishika meza mpaka vidole vikauma.

“Funga mlango,” akasema hatimaye, sauti kavu. “Kaa. Mwenzako alikuwa hajamaliza kusema.”