Mwavuli wa Shangazi kwenye Gwaride

Daktari wa ngozi hakunibembeleza. Alisema ile dawa ya maji ya salfa itanikausha uso, ngozi itabanduka, na chunusi zitazidi kabla ya kupungua. Vidonge nimeze kabla ya kula, nisivishushe na maziwa. Jua nilikimbie. Tena nisikatishe dawa hata watu waseme nini, maana nikikatisha tutaanza upya.

Nilimjibu kwamba watu walishasema yote. Chunusi zangu zilikuwa majipu hasa, na kila asubuhi niliamka foronya imegandana na shavu. Shangazi Eufrazia, niliyeishi naye Temeke, alipiga marufuku chai ya maziwa nyumbani. Yeye mwenyewe akahamia ya rangi ili nisiitamani yake.

Baada ya wiki chache uso ukawa kama ukuta unaobanduka chokaa, mabaka meupe huku, mekundu kule. Na mwaka ule vijana wa chama walikuwa wakiwaandama wasichana wanaojichubua. Mimi ndiye niliyechaguliwa kuimbisha gwaride la kiwanda chetu cha nguo, Chang'ombe, siku ya Sabasaba. Marijani, katibu wa vijana kiwandani, akanisimamisha mbele ya wenzangu.

"Ndugu Filomena, Mwafrika halisi hajichubui. Huwezi kutuongoza na uso huo."

Hasira zilinipanda. Nilitoa chupa ya dawa mfukoni, nikaifungua, nikampitishia puani. Salfa ile ilinuka yai viza.

"Ndugu Katibu, unamjua msichana anayejipaka hiki ili apendeze?"

Watu wakaangua kicheko. Marijani akarudi nyuma, akajifuta pua, akalegeza sauti. "Haya, sie tumeamini ni dawa. Lakini iache mpaka Sabasaba ipite. Viongozi jukwaani watatufikiriaje? Ukikataa, ataimbisha Mwamvita anayekuitikia."

Hapo ndipo paliponiuma. Tangu nivunje ungo nilikuwa nikificha uso, na sauti ndiyo kitu pekee nilichokitoa mbele za watu bila aibu. Nilitaka kuimbisha kuliko chochote.

"Kiwanda ni cha umma, mashine ni za umma," nikasema. "Uso huu ni wangu mie. Dawa siachi."

"Basi umejitoa mwenyewe."

Nyumbani nililia. Shangazi alinisikiliza huku akichambua mchele. "Ukiacha dawa," akasema, "hao viongozi ndio watakaokuja kukufulia foronya?"

Sabasaba jua liliwaka mapema. Nilijipanga safu ya mwisho, nimeshika mwavuli mweusi wa shangazi. Wengine walinicheka, nikawaacha wacheke. Tulipokaribia jukwaa, Mwamvita alianzisha ubeti wa kwanza, akaumaliza, kisha akageuka huku akitembea.

"Mie huwa naitikia tu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Mwenye wimbo yuko nyuma. Mpisheni."

Safu zikaachana. Nikapita katikati hadi mbele, na mwavuli wangu. Marijani akanikimbilia ubavuni, jasho linamtoka.

"Dada Filomena, imba basi. Ila funga huo mwavuli, wanatutazama."

"Jua nimekatazwa na daktari."

Nikauinua juu zaidi, nikaligeuzia jukwaa uso wangu wote na magamba yake, nikaanza ubeti wa pili.