Mitungi Iliyopanda Darini

Mama Mitungi alifungua duka lake la gesi, akafuta vumbi kwenye ubao wa bei, akakuta mitungi imepanda darini tena. Aliivuta mmoja mmoja, akaifunga kamba kwenye miguu ya meza, kisha akamwita mteja wa kwanza.

Hayo yalianza serikali iliposhusha bei ya gesi. Watu walipiga vigelegele, naye alipiga, maana naye anapika. Kisha mwenye lori la kuleta gesi akasema hauzi kwa hasara, akaliegesha lori lake. Tangu hapo mitungi ilizidi kuwa myepesi. Wateja waliinunua hivyo hivyo, wakarudi nayo nyumbani ikielea juu ya vichwa vyao, ikawachemshia kikombe kimoja cha chai, basi.

"Angalau bei nafuu," alisema fundi viatu kwenye foleni.

"Nafuu kweli, baba," alijibu Mama Mitungi. "Jiko tu ndilo lisilowaka."

Mtungi mmoja ulibaki mzito. Aliuficha chini ya meza, ukiwa umefunikwa gunia, kwa ajili ya mama yake mzazi. Kifua kilimbana bibi yule, na asipojifukiza kwa mvuke pumzi ilikuwa taabu.

Mkaguzi wa bei alifika mchana. Mitungi iliyoelea haikumhusu. Alisoma ubao, akaridhika, akajikwaa kwenye gunia.

"Huu mbona hauuzwi?"

"Ni wa mama, mkubwa. Anaumwa."

"Dada, kuficha bidhaa ni kosa. Uza kwa bei ya ubaoni."

Zamu ilikuwa ya fundi viatu. Alilipa, akaubeba begani bila kumtazama mwenye duka usoni. Mama Mitungi alimchukia kwa moyo wote, ingawa alijua hata yeye angeuchukua.

Jioni sufuria ya maji ilikaa baridi jikoni. Mama yake alikohoa sana, akaanza kupanda kutoka kitandani na shuka lake. Mama Mitungi alimdaka mguu.

"Niache, mwanangu. Nimekuwa mwepesi."

"Tulia, mama." Akamfunga kamba kwenye mguu wa kitanda, fundo lile lile la dukani.

Asubuhi foleni ilikuwa imeshapinda kona.

"Mama ameamkaje?" aliuliza fundi viatu, macho chini.

"Yuko darini, kamba bado imemshika."

Mwanamke aliyebeba mtoto anayekohoa akasogea, akauliza kama kamba zimebaki. Zilikuwepo. Kamba serikali haikuzipangia bei, kwa hiyo zilikuwa tele.