Skrubu za Mama Georgette

Jumanne moja, saa mbili asubuhi, Mama Georgette alipanda pikipiki ya Useni sokoni Baraka, beseni la samaki wabichi, mikebuka, mapajani, kwenda kuwauza mjini Fizi. Njiani kuna kizuizi: bomba la chuma, na Willy wa kulipandisha na kulishusha, mwenye filimbi na kofia ya ofisi isiyojulikana. Siku hiyo Willy alilishusha mapema mno. Useni aliangukia majanini, samaki wakamwagika, na muundi wa Mama Georgette ukavunjika mara mbili.

Hospitalini Dokta Déogratias aliunga mfupa kwa skrubu sita za magnesiamu.

"Hizi vis hatutazitosha inje, Mama," alisema. "Zitayeyuka zenyewe pole pole. Mufupa itabakia."

Ziliyeyuka vizuri, labda kupita kiasi. Mwezi wa tatu kijiko kilimyeyukia mkononi akinywa uji. Mwezi wa nne ikawa zamu ya kitasa cha mlango. Binti yake Chérie akamletea kijiko cha mti, akafunga mlango kwa kamba.

Mwezi wa tano alirudi barabarani. Willy alimsimamisha juani kama zamani, akichambua beseni hadi apate samaki watatu wanaompendeza, na waliobaki wakianza kunuka kabla ya kuiona Fizi. Mama Georgette aliegemea bomba kupumzisha mguu. Likayeyuka kama sukari kwenye chai.

"Mama, umemaliza chuma ya Leta, mali ya serikali," alisema Willy.

"Mi niliegemea tu. Tupite, samaki iko inaoza."

"Ngojea kwanza."

Akaandika ripoti. Bomba la pili lilifika Jumatatu, likaisha Alhamisi. La tatu lilikuwa nene kama paja. Hilo Mama Georgette aliliegemea kwa makusudi, kwa mikono miwili, na alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia tangu avunjike. Baada ya hapo vyuma viliisha.

Jumanne iliyofuata barabara ilikuwa wazi mpaka milimani. Mama Georgette alicheka peke yake. Useni akaongeza mwendo.

Willy akapiga filimbi.

Useni akafunga breki. Mbele yao hapakuwa na kitu. Nyuma yao pikipiki kumi na moja zilijipanga mstari, injini zikazimwa.

Willy alichagua samaki watatu, bila haraka. Kisha akainama, akainua hewa kwa mikono miwili, akaishikilia juu wapite.

Mama Georgette aliinamisha kichwa, asigonge. Mguu haukumuuma hata kidogo.